Chupa Moja, Daftari Tatu

Mezani kwa Zuwena, visanduku vitatu vya dawa,
vimeandikwa kwa kalamu nyekundu:
Wete, Chake, Mkoani.
Katikati kavuta uzi wa kushonea kofia.
"Huu mtandao. Na hii," akaweka punje ya ubuyu,
"chupa ya damu. O hasi. Moja tu kisiwa kizima.
Nambie, Faki, nani anajua ipo?"

Mie nilitaka wepesi.
Andika Wete, sema tayari, nenda zako.
Chake itapata nakala ikipata,
Mkoani itafuata kama kitinda mimba
anayetafuta kiatu, wenziwe wako mlangoni.
Mwenye uchungu asingoje.

Zuwena akacheka kwa pua.
"Chuoni ulisoma kwa nani?"
Kwa Maalim Shaame, Kangagani.
Alisoma mstari, akanyamaza,
akapita nyuma yetu na bakora,
na mmoja akikwama kwenye dhadi
tulikwama sote, arubaini na mmoja,
jua likipanda, njaa ikipanda.
"Ndiyo dawa yako hiyo?" nikamuuliza.
"Mkoani ikikohoa, Pemba nzima inyamaze?"

Hapo akanyamaza yeye.

Bwana Mbarouk wa wizarani akasema tugawane,
kila hospitali ishike fungu lake,
kama khitma: juzuu thelathini, chai haijapoa.
Na wa juzuu ya kumi na saba asipokuja?
Hiyo si nakala, bwana. Huo ni mgao.
Nakala ni mahafidhi watatu:
mmoja akizimia, haijapungua hata irabu.

"Basi zote ziwe kuu," nikasema, "kila moja iandike."
Zuwena akakata uzi kwa meno.
Punje akaitia Wete,
akachukua nyengine, akaitia Mkoani.
Vitabuni chupa mbili. Jokofuni ile ile.
"Unakumbuka mwaka ule
kwetu tumepika biriani, kwa mjomba wamefunga,
ukuta mmoja, mbingu moja?
Idi mbili tulizistahamili, Mungu ndiye ajuaye.
Damu haina mwezi wa huku na wa kule."

Tukachagua wingi. Wawili kwa watatu.
Neno likiandikwa lingoje shahidi mmoja, si wote;
atakayebaki peke yake afunge mdomo
mpaka awasikie wenziwe.
Unguja tukaipelekea nakala ya usiku, kwa wepesi wangu.
Ripoti haitoki damu.

Mwezi wa nane greda likachimba mtaro Mtambile.
Saa tisa na robo usiku simu: Mize,
wodi ya wazazi, Mkoani.
"Mashine yenu inanambia siruhusiwi.
Chupa naiona, Faki. Nimeigusa, ya baridi.
Inasema ningoje wenzangu. Wenzangu nani?"

Nilijua. Ule mshale niliuchora mwenyewe.
Huenda Chake keshaandikiwa mtu chupa hiyo,
huenda gari liko njiani kuifuata.
Huenda.
Huenda haina mapigo ya moyo.
Aliyelala mbele ya Mize anayo.

"Itoe," nikasema. "Andika daftarini.
Saa, jina, sahihi yako. Na yangu niandikie."
Nikaisikia kalamu.
Haikungoja mtu.

Asubuhi kebo ikaungwa, seva zikaamkiana,
zikalinganisha hesabu, zikapatana upesi
kama watu wasiokuwa na jambo,
isipokuwa mstari mmoja
Zuwena aliouingiza kwa mkono,
kidole juu ya mwandiko wa Mize.

Hakuniuliza kitu.
Ile punje ya ubuyu ingali mezani kwake,
wekundu umeitoka.
Kila nikipita naihesabu.
Moja.